Ndugu Watatu wa Kwenye Televisheni

Mpendwa Shosho, nyanya yangu,

Wiki hii nimetukanwa na watu nisiowajua, na kila nikisoma tusi jipya nacheka kidogo, kwa sababu najua ungekuwa hai ungesimama mbele kabisa ya foleni, na mkongojo wako, ukingoja zamu.

Wacha kwanza nikueleze kazi yangu, maana uliondoka kabla sijaipata. Ninaandika hadithi za michezo ya video. Ile ya Ouma, mtoto wa jirani yetu, unaikumbuka? Basi ni kama ile, ila siku hizi mtu huicheza kwenye simu, na ina maneno mengi. Baba bado huwaambia watu kwamba mimi ni mtu wa kompyuta, maana ni rahisi zaidi kueleza mkiwa mmesimama nje ya kanisa. Mwezi uliopita tulitoa mchezo tulioutolea jasho kwa muda mrefu, wa msichana anayetafuta njia ya kurudi kwao baada ya mafuriko. Anavuka mabonde, anapotezana na wenzake njiani mmoja baada ya mwingine, na mwishowe anafika. Anasimama mbele ya nyumba yao, na mchezo unaishia hapo. Niliuona ni mwisho mzuri, mtulivu, wa watu wazima. Wachezaji hawakuuona hivyo. Mmoja ameniandikia nimrudishie macho yake. Mwingine anauliza kama mwandishi aliitwa kwenye chakula akaacha kazi katikati. Na mmoja, ambaye ndiye aliyeninyima raha, hakutukana hata kidogo. Aliuliza tu, "Na wale wenzake?"

Hilo swali ni lako, Shosho. Mara ya kwanza nililisikia kutoka kwako, pale kwetu Ruring'u, mjini Nyeri, mguu wako ukiwa ndani ya plasta juu ya stuli ya Mama. Mkubwa wangu wa kazi ameniita Jumatatu tuamue kama mwisho ule utabadilishwa au utaachwa. Kabla sijaenda nimeona nikae na wewe kidogo.

Ulianguka ukitoka kukata majani ya ng'ombe, kwenye ule mteremko wa chini ya kahawa, Giakanja. Baba alikuleta hospitali mjini wakakufunga plasta kutoka pajani hadi vidoleni, na daktari akasema hakuna kupanda mlima tena mpaka itolewe. Hukutaka kuja kwetu. Ulikuja umenuna, umebeba kiondo ulichokuwa hujamaliza kusuka, na neno la kwanza ulilomwambia Baba, hata kabla hajakuketisha, ni kwamba arudi akamwambie jirani yako asifunge geti.

Giakanja nzima ilijua geti lako halifungwi. Halikuwa hata na komeo. Ng'ombe wa watu waliingia wakala mahindi, ukawafukuza kwa matusi, na geti likabaki wazi vile vile. Sisi wajukuu tulikuwa tumeambiwa sababu yake kwa sauti ya chini, na tukakanywa tusiirudie mbele yako. Baba Mkubwa Githinji, mwanao wa kwanza, aliondoka asubuhi moja kwenda kutafuta kazi Mombasa, kabla mimi sijazaliwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona wala kupata barua yake. Hukutaka aje siku moja akute geti limefungwa adhani mmehama.

Kwetu kulikuwa na televisheni, ile ndogo isiyo na rangi, na kulikuwa na Mama. Hapo ndipo ninapocheka peke yangu. Wewe na Mama mlikuwa mnaheshimiana kupita kiasi. Alikuwa mwalimu, mtu wa Bungoma, na Kikuyu chake kiliishia kwenye salamu. Wewe ulikuwa na Kiswahili cha sokoni. Alikuwa akikuletea chai, anasema "chai ndiyo hii", wewe unasema asante, anarudi jikoni. Hakuwahi kukuita kwa jina lolote. Nyumba yote ilizungumza Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuwa katikati yenu.

Na kulikuwa na mimi, mzee wako. Nilipewa jina la Guka, babu yangu Ndirangu, kama inavyompasa mtoto wa kwanza wa kiume, kwa hiyo kwako mimi nilikuwa mumeo. "Mzee wangu, umekula?" uliniuliza kila nikitoka shule, na uliniuliza kwa heshima kabisa, hata wenzangu wakiwepo. Nilikuwa na kaptula imetoboka nyuma na bado nilikuwa mzee wako.

Ouma alikuwa mtoto wa askari polisi wa nyumba ya pili, watu waliohamishiwa Nyeri kutoka pande za Kisumu. Mjomba wake alikuwa amemletea mashine ya TV game kutoka Nairobi, lakini televisheni yao ilikuwa imekufa. Yeye alikuwa na mashine na sisi tulikuwa na televisheni, na urafiki ukaanzia hapo. Kile ambacho hatukukipangia ni wewe, umekaa kwenye sofa, hakuna pa kukupeleka.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mtu mdogo mwenye kofia na fimbo. Alikimbia msituni, akaruka mashimo, akavuka mto kwa kukanyaga magogo, akapanda mlima huku ndege wakimwangushia mawe. Maandishi yalikuwa ya Kichina au ya Kijapani, mpaka leo sijui. Kwa hiyo hatukujua anakwenda wapi wala anakimbia nini, na wala hatukujali. Tulikuwa tunabonyeza tu.

Siku ya kwanza ulisuka kiondo chako ukajifanya huoni. Siku ya pili ukauliza, "Huyu ni wa nani?"

Ouma alikuambia si wa mtu, ni wa game tu.

"Hakuna mtu hana watu," ulisema.

Hapo hapo akatumbukia shimoni. Kioo kikawa cheusi kidogo, halafu yule mtu akatokea tena ukingoni, kofia na fimbo yake, kama hakuna kilichotokea. Ulishtuka. Ouma akakueleza kwa subira, maana alikuwa mtoto mwenye adabu hata kama alikuwa na kiburi cha vidole vyake. Alisema, "Ako na life tatu, Shosho. Akikufa anarudi."

"Ati anarudi?" Uliweka kiondo chini. "Mtu akikufa harudi, kijana. Huyu ni ndugu yake."

Ukanyoosha mkongojo ukagusa kioo pale juu kwenye kona, palipokuwa na vichwa vidogo vyenye kofia. Vilikuwa vitatu tulipoanza, na sasa vilikuwa viwili. Siku zote tulikuwa tukiviona bila kuviangalia. "Si ndio hawa walikuwa wanangoja zamu?" uliuliza. "Mmoja ameenda. Wamebaki wawili."

Tuliangalia, na tangu siku hiyo hatukuweza tena kuviona kwa namna nyingine.

Kisha ukafanya jambo ambalo nyanya yeyote wa Nyeri angelifanya. Ukawapa majina, na ukawapa kwa utaratibu, kama watoto waliozaliwa nyumbani kwetu. Wa kwanza hupewa jina la baba ya baba, kwa hiyo yule aliyetumbukia alikuwa Ndirangu. Nakumbuka nilisikia vibaya, maana nilikuwa nimekufa na chai yangu haijapoa. Wa pili hupewa jina la baba ya mama. Mama alikuwa jikoni na mlango ulikuwa wazi.

"Wa pili ni Wafula," ulisema.

Kelele za sufuria zilikoma. Miaka mingi baadaye Mama aliniambia kwamba mpaka siku ile hakujua kama unalijua jina la baba yake, wala hakuwahi kukusikia ukilitamka. Alitoka na taulo mkononi, akasimama mlangoni, akamtazama yule mtu wa kofia akiruka gogo.

"Na wa tatu anaitwa ndugu mkubwa ya baba," ulisema, ukachukua tena kiondo chako. "Githinji."

Ouma hakuijua habari ile, lakini hata yeye alihisi kwamba si wakati wa kuuliza.

Kuanzia hapo mchezo ulibadilika, Shosho, na wewe ndiye uliyeubadilisha. Zamani Ouma alikuwa akitupa maisha ovyo. Akifika mahali asipopajua anamrusha mtu wake shimoni makusudi, aone kuna nini, kisha anaendelea na mwingine. Ndiyo njia ya mtaalamu. Siku moja tulifika mlimani, akakuomba ruhusa.

"Tupoteze mmoja tu wa kujaribu, Shosho."

"Yupi?" ulimuuliza.

Ouma aliangalia vile vichwa, akaniangalia mimi, akaangalia mlango wa jikoni. Hakujaribu tena. Alicheza polepole, ulimi nje, na mimi nilikaa karibu na mguu wako nikimwambia ndege wanapotoka. Alilalamika mara moja tu, kwamba mbona hakuna ndugu hata mmoja mwenye jina la Kijaluo. Ukamwambia yeye ndiye anawavusha wote, asitake makubwa. Aliridhika sana na jibu hilo, na nyumbani kwao akasema amepandishwa cheo.

Mama naye akaanza kutoka jikoni. Mwanzoni alisimama. Halafu akaleta kikombe chake akaketi. Wafula akifika mtoni Mama alikuwa akilalamika kwamba baba yake hangeruka hivyo, alikuwa anaogopa maji hata ya karai. Ulicheka mpaka ukashika plasta kwa uchungu. Ukamwuliza huyo mzee alilima nini, na kama alikuwa mkali, na alikufa vipi, na Mama akakueleza, kitu kimoja leo na kingine kesho. Sisi tulikuwa tumewageuzia mgongo, macho kwenye kioo, lakini masikio yalikuwa kwenu. Kama mngekaa mezani mkatazamana sidhani mngeyasema hayo. Mliyasema kwa sababu nyote mlikuwa mnamtazama Wafula.

Githinji alipoingia, na aliingia tu wale wawili wakishaisha, ulikuwa unaacha kusuka. Kiondo kilitulia magotini. Kuna siku mimi na Ouma tulibishana kuhusu rangi ya kofia, maana kwenye televisheni yetu kila kitu kilikuwa cha kijivu. Ouma alisema ni ya manjano, mimi nikasema nyekundu.

"Ni ya kijani," ulisema.

Ouma akakuuliza umejuaje.

"Ni mimi nilimnunulia," ulisema, na ukamwambia aangalie mbele, kuna shimo.

Tulimaliza mchezo Jumamosi mchana. Watoto wa mtaa walikuwa wamejaa sebuleni, na wengine dirishani. Ndirangu alikuwa ameangukia msituni na Wafula mtoni, kwa hiyo aliyepanda mlima wa mwisho ni Githinji. Alishinda joka kubwa lililokuwa huko juu. Watoto walipiga kelele mpaka baba yake Ouma akatoka nje na fulana kuangalia kuna nini. Kisha mlima ukatoweka, ikaja picha nyingine. Ilikuwa na nyumba ndogo yenye paa la nyasi. Mbele yake yule mtu alisimama, ameigeuzia nyumba mgongo. Ikapita mistari miwili ya yale maandishi yasiyosomeka, muziki ukapigwa kidogo, na mchezo ukaanza upya kule msituni, vichwa vitatu kwenye kona.

Wewe uliwaona, Shosho. Siku hizi wakinitukana naona sura zile zile. Mmoja aliuliza kama hiyo ndiyo yote. Mwingine akasema lazima kuna kaseti ya pili yenye mwisho wa kweli, na huyo mjomba wa Nairobi ameificha. Walitaka apewe ufalme, walitaka apewe mke, walitaka apewe gari. Mdogo mmoja wa dirishani alisema hata soda tu. Ouma, aliyekuwa shujaa dakika moja nyuma, alinuniwa kana kwamba ile nyumba alijenga yeye. Alikuwa karibu kulia.

"Tumechezwa," alisema. "Jasho hii yote, wanatuonyesha nyumba ya kiberiti. Na hata kuchora hawajui, wamemgeuza nyuma mbele."

Wewe hukuwa na neno na nyumba. Ulisema ni nzuri, imeezekwa vizuri. Kisha ukauliza, "Na wale wenzake?"

Ouma akakukumbusha kwamba walikufa, na kwamba hii ni game. Mama, akiwa mlangoni, akauliza kwa sauti iliyomshangaza hata yeye mwenyewe kama ina maana baba yake ameachwa mtoni.

"Rudieni," ulisema. "Mje na wote."

Plasta ilikuwa itolewe Ijumaa iliyofuata, na ukitoka hospitali ungepelekwa moja kwa moja Giakanja. Ulituambia wazi kwamba hutarudi nyumbani ukijua umeacha watu kwa shimo. Ouma alijua maana yake kuliko sisi. Maana yake ilikuwa kutoka msituni mpaka kwenye ile nyumba bila kukosea hata mara moja, na mashine yenyewe haikukumbuka kitu. Ukikosea au ukizima unaanza mwanzo.

Wiki ile hatukucheza mpira. Jumatatu Ndirangu alianguka mapema, na uliposema tuanze tena hakuna aliyekubishia. Jumanne jiwe la ndege lilimpata juu kabisa ya mlima. Jumatano tulikuwa tumelifikia joka, ndugu wote watatu wazima, stima ikapotea, televisheni ikazima. Mtaa mzima ulisikika ukiguna, lakini sebule yetu ndiyo iliyoumia kuliko zote. Ulishika kichwa ukasema maneno ya Kikuyu kuhusu watu wa stima ambayo Mama aliomba kutafsiriwa, na Baba akakataa.

Alhamisi Mama alirudi kutoka shule na chaki kwenye mkono wa sweta, akaketi kando yako bila hata kuvua viatu. Baba alikuta mlango wazi akasimama hapo hapo, koti mkononi. Ouma aliruka magogo. Alipanda. Nilimwambia ndege, ndege tena, shimo, na sauti yangu ilikuwa inakauka. Mkono wako ulikuwa begani mwangu, na nakumbuka ulivyokuwa mzito. Joka likaanguka. Kwenye kona vichwa vilikuwa vitatu.

Halafu ikaja picha ile ile. Ilikuwa nyumba ile ile, yenye paa la nyasi, na mtu mmoja ameigeuzia mgongo.

Ouma aliweka kile kidude cha vitufe sakafuni polepole. "Ni ile ile tu," alisema. "Na vichwa haviko."

Kweli, kwenye picha ya mwisho kona ilikuwa tupu. Hakuna mtu aliyetaka kukutazama. Nilimwona Baba akiangalia koti lake. Nilikuwa mdogo lakini nilielewa kwamba tulikuwa tumekuahidi kitu ambacho hakikuwa mikononi mwetu, na nilitamani sana ile mashine isingeingia nyumbani kwetu.

"Mbona mnanuna?" uliuliza. "Hao wengine wameingia. Wako ndani wanakula. Huyu hapa ni Ndirangu, ndiye mzee. Mzee anaingia wa mwisho, akishafunga geti."

Tuliangalia. Alikuwa Ndirangu kweli, maana wa kwanza hakuwa ameanguka. Na alikuwa ameigeuzia nyumba mgongo kwa sababu alikuwa anatazama njia. Hakuna aliyekosea kumchora. Wote tuliokuwa pale, hata Ouma, tulimwona akiwa na kazi yake ya kufanya, na tukatulia.

Muziki ulikuwa unakaribia mwisho, na uliujua. "Zima, Ouma," ulisema. "Zima kabla hawajatumwa tena."

Ouma hakutafuta swichi. Alichomoa waya ukutani.

Mama alikuwa analia na hakujificha. Alipangusa uso kwa ule mkono wenye chaki, akabaki na unga mweupe shavuni. "Wafula anakula nini, Mama?" alikuuliza, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akikuita hivyo.

"Ugali na kuku," ulimjibu. "Si ndiyo chakula ya watu wenu?"

Baba hakuuliza Githinji anakula nini. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi, na baada ya muda ukanituma nimpelekee chai.

Kesho yake Baba alidhani ameelewa. Ulipokuwa hospitali ukitolewa plasta alipita kwenye duka la vifaa akanunua komeo, jipya, zito, limefungwa kwa karatasi. Tulipofika Giakanja aliniambia nishike misumari. Wewe ulikuwa umetangulia, unajaribu mguu, unakemea magugu. Ulipogeuka ukatuona getini, ukauliza hiyo ni ya nini. Baba akababaika. Alisema alifikiri, vile ulivyosema jana, kwamba wote wameingia.

Hukukasirika. Ulikuja ukachukua lile komeo, ukalipima mkononi, ukalisifu, ukamrudishia.

"Mzee wangu," uliniambia mimi, "eleza huyu kijana. Ile ilikuwa hadithi. Hii ni geti."

Nimeishi na maneno hayo, Shosho, na nilidhani nimeyaelewa mpaka wiki hii. Siku tuliyokuzika watu waliingia wengi, na hakuna aliyehitaji kufunguliwa. Baba Mkubwa hajaja. Hatujawahi kusikia lolote, na nimeshakubali kwamba huenda hatutasikia. Nakukumbuka sana. Nakukumbuka zaidi nikiwa kazini kuliko kanisani, unisamehe, kwa sababu kila nikimwandika mtu mpya nasikia ukiuliza huyu ni wa nani.

Ouma alinipigia simu juzi. Anafundisha Nanyuki, ana kitambi na watoto wawili, na mkubwa wao ndiye aliyemwonyesha mchezo wangu. Hakunisalimu hata. Alisema, "Wewe, umetuwekea ile nyumba ya kiberiti tena? Wewe mwenyewe?" Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema, kwa upole sasa, kwamba binti yake hakulala vizuri.

Nadhani nilifanya hivi. Nilitaka kuwa mkweli. Niliona maisha hayaturudishii watu wetu, nikasema basi na msichana wangu asirudishiwe. Niliandika geti, Shosho, mahali ambapo watu walikuja kuomba hadithi. Wewe uliishi na geti lililo wazi kila siku ya maisha yako na hukutudanganya kulihusu. Lakini watoto walipokaa mbele yako na mioyo imevunjika, ukawapa mwisho wao bila kuwabania.

Kwa hiyo Jumatatu nitamwambia mkubwa wangu hivi. Picha haitabadilika sana. Msichana atafika, na atasimama ameigeuzia nyumba mgongo. Lakini kutakuwa na geti, na kitufe cha kulifunga. Atakayelifunga atasikia sauti ndani, za wale wenzake wote, wanagombania nyama na kuuliza nani amekaa na chumvi. Sitaweka maandishi ya kueleza. Asiyetaka kulifunga aliache wazi akae hapo anavyotaka. Kuna watu wana sababu zao.

Na la mwisho ndilo nililotaka kukuambia tangu mwanzo. Baba amestaafu, wanaishi Giakanja sasa, yeye na Mama. Lile komeo lipo kwenye rafu ya jikoni, karibu na mkebe wa sukari, bado limefungwa kwa karatasi yake. Kila Krismasi Mama humwuliza kwa nini halifungi getini, na kila Krismasi Baba husema amesahau kununua misumari. Misumari ilikuwa mfukoni mwangu siku ile, nami niliiweka nyuma ya mkebe ule ule, na anaijua ilipo. Hakuna anayemsukuma.

Nikiwa huko, jua likianza kushuka upande wa Nyandarua, Mama huita watu wakale. Wote huingia, na mimi hubaki nyuma kidogo. Husimama pale getini nimeigeuzia nyumba mgongo, nikiangalia barabara mpaka kwenye kona ya kahawa. Kisha naliacha geti vile ulivyoliacha, na ninaingia.

Pumzika, Shosho. Tunakula vizuri, na sahani ya ziada huwa ipo.

Mimi ni mzee wako,
Ndirangu